Niliandika kina mama wa Nyamasaria wamekubali stage ihamishwe

Wakuu, hamjambo. Hii nimekaa nayo tangu miaka ya tisini. Nitaisema jinsi ilivyokuwa, hata pale inaponiaibisha. Mwenye haraka apite tu, sitakasirika.

Nilikuwa nimemaliza form four, natafuta kazi Kisumu. Wakati huo kulikuwa na grant ya wafadhili ya kupanga upya stage za mabasi. Sharti lake lilikuwa moja: lazima waulizwe wale ambao huwa hawaulizwi. Kina mama wa sokoni, walemavu, watu wa kando ya ziwa. Bila hivyo pesa hazitoki.

Nikachukuliwa kukusanya maoni. Shati nimepiga pasi, fomu kwapani, najiona mtu wa maana.

Bosi wetu tulimwita Coordinator. Alikaa Milimani na alikuwa na gari yake, kwa hivyo basi alikuwa analiona tu kwa dirisha. Si mtu mbaya. Alitaka fomu zijae.

Mimi nikapewa Nyamasaria. Mpango ulikuwa kutoa stage pale karibu na soko na kuipeleka mbele, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Kwa mwenye briefcase hiyo si kitu. Lakini kulikuwa na kina mama waliokaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa. Asubuhi walipanda basi na makarai yao kwenda kuuza Awasi.

Mmoja wao alikuwa Mama Akinyi, mjane, mguu mmoja umepooza tangu utoto. Nusu saa na karai asingeiweza. Stage ikihama, Awasi kwake imeisha, na Awasi ndiyo ilikuwa inalisha watoto wake.

Nikaitisha mkutano kwa chief. Wanaume wakakaa kwa benchi, kina mama chini kwa majani. Mbele kabisa alikaa mzee wa kijiji. Nusu ya wale kina mama walikuwa wameolewa na wanawe au na wana wa ndugu zake, Mama Akinyi akiwemo. Mzee alikuwa na ploti kule stage ilikopangwa kupelekwa, kwa hivyo alitaka ihame, na alisema hivyo wazi.

Nikageukia kina mama. "Na nyinyi mnasemaje?"

Kimya. Mama Akinyi anang'oa majani, moja moja.

Mzee akasema, "Wamekubali. Andika."

Nikaandika.

Sasa hapa mna haki ya kunitukana. Mimi ni Mjaluo. Mama yangu hakuwahi hata kula mbele ya babu yangu, baba mkwe wake, sembuse kumpinga mbele ya watu. Nilijua kabisa ule kimya ni wa nini. Lakini fomu ilikuwa imejaa, na mimi nilitaka kwenda nyumbani.

Wiki iliyofuata nilikuwa napita sokoni, Mama Akinyi akaniita.

"Nyathina, mtoto wangu, wewe ulilelewa wapi? Unauliza mke wa mtu mbele ya baba mkwe, unataka aseme nini?"

Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Nikamuuliza, basi nifanye nini? Akasema niende alasiri kwa banda lao la kukaangia. Baba mkwe haingii mahali wake wa wanawe wanapika.

Nikamweleza Coordinator. Akafikiri kidogo. "Nenda. Lakini andika kina mama wamebadilisha mawazo. Wafadhili wakisikia mkutano wa kwanza ulikuwa bure, wewe kazi ya phase two, awamu ya pili, usahau."

Nikaenda. Wakuu, wale wale waliokuwa bubu kwa chief waliongea mpaka kalamu ikaniishia wino, ikabidi niazime. Konda gani anakataa karai kwa sababu ya harufu. Mahali gani mwenye mimba alianguka akishuka. Moshi umenijaa machoni, naandika tu.

Mwisho nikawasomea. Nilipofika pale pa "wamebadilisha mawazo," Mama Akinyi akaweka mwiko chini.

"Futa hapo. Hatukubadilisha kitu. Andika siku ile hatukuulizwa."

Nikamwambia nikiandika hivyo kazi yangu imeisha. Kusema kweli nilikuwa naomba huruma.

Akaniangalia, bila hasira. "Pole, baba. Lakini ukiandika tumebadilika, mkutano ujao watasema wanawake hawajui wanachotaka. Hawatatuuliza tena."

Nikafuta. Nikaandika kwamba siku ya mkutano kina mama hawakuulizwa, na aliyekosea ni mimi. Nikasaini. Coordinator akaisoma, akapumua kwa nguvu, akaipeleka hivyo hivyo. Hapo nampa heshima yake.

Stage ilibaki pale sokoni. Phase two ilipoanza, jina langu halikuwemo. Iliniuma, siwafichi. Nilikaa miezi mingi nikila kwa dada yangu kabla sijapata kazi ya kuuza vipuri vya baiskeli mjini.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujamuuliza mtu anataka nini, angalia kwanza nani amekaa mbele yake. Mtu akinyamaza, andika amenyamaza. Usimjazie.

Najua humu kuna wengi mliowahi kukusanya maoni ya wananchi. Hebu tuambiane ukweli leo: ni kimya cha nani wewe uliandika kuwa ni ndiyo?