Siku Niliyowafungulia Majirani Geti

Majuzi pale Nakuru nilimnunulia mwanangu kitabu cha picha: mbuzi, punda na kuku wanamvuta ng'ombe aliyekwama matopeni. Utotoni, kule Bahati, nilikuwa na kinachofanana nacho.

Alasiri moja ng'ombe wetu, Malkia, alizaa akashindwa kuinuka. Nilikaa kando yake kwenye nyasi zilizonuka maziwa na mkojo, nikamsomea kitabu chote. Ndipo majirani wakaja na kamba, mabeseni na visu.

"Mami, wamekuja kumwinua!" Nikakimbia kufungua geti. "Karibuni! Yuko huku!"

Mama alijifunika uso kwa leso.

Sasa najua walikuja kutusaidia kweli: kumchinja, wanunue nyama, asitufie bure. Lakini Malkia aliisikia sauti yangu, akajaribu kusimama.