Leo hakuna kesi, mama

Alhamisi. Ukungu tangu alfajiri hapa Mbarara, baridi, mvua bado.

Jana tumemzika Wakili Eliya, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie nimuulize tunaanza saa ngapi. Silii. Sijui kwa nini silii.

Kwa msiomjua: alianza kama wakili. Miaka mingi aliwaandikia wakimbizi wa Nakivale rufaa zao. Halafu akafunga ofisi yake ya mtaa wa Ruti, akauza meza na viti, akanunua kamera atengeneze filamu juu yao. Jamani, tulisema amechanganyikiwa!

Mimi nilikuwa production manager wake. Yaani ratiba, chakula, mafuta ya gari, na kugombana naye.

Siku ya kwanza ya kurekodi kule Rubondo, ndani ya Nakivale, tulikuta watu kwenye foleni, wamevaa nguo za kanisani, makaratasi mkononi. Walidhani ni interview ya kupelekwa Kanada.

Mama Riziki, muuza dagaa, akakaa mbele ya kamera akasimulia alivyokimbia Kivu, kwa mpangilio uleule aliozoea kuwapa maofisa. Akalia.

Wakili akasimamisha kamera. "Leo hakuna kesi, mama. Ofisini nilikutoa machozi ya kutosha. Niambie harusi yako ilikuwaje."

"Harusi? Weye Wakili, unatafuta nini mu harusi yangu? Bwana mwenyewe alichelewa, tukamukuta anakula kwa jirani!"

Kamera ilikuwa imewashwa tena. Picha inatikisika kwa sababu mpigapicha alikuwa anacheka. Wakili akaiacha hivyo hivyo.

Alikuwa na sheria moja: hatuonyeshi uso wa mtu kabla mwenyewe hajajiona na kukubali. Nilimwambia watu wote wameshasaini. Akanijibu, "Mwenye shida anasaini chochote. Ajione kwanza."

Wote walishajiona, akabaki Mama Riziki. Jumapili presha ikamchukua Wakili.

Wanunuzi wa filamu walinipigia kutoka Kampala nikiwa bado makaburini. "Pole sana dada, lakini deadline ni kesho. Na kile kipande mlichotuandikia, cha yule mama analia, msikiguse, ndicho kinachouza."

Sahihi ya Mama Riziki tunayo. Ningeweza kutuma palepale.

Badala yake, jana hiyohiyo nilikwenda Rubondo na laptop. Mama Riziki alijitazama mpaka mwisho, akaonyesha kwa kidole pale anapolia.

"Fasi hii naliaka, muitoe. Nililia ivi mbele ya baofisa mingi, inatosha. Fasi nacheka, muiache."

"Kampala wanaweza kuikataa filamu nzima, Mama."

"Baikatae. Huu uso ni wa nani?"

Nikarudi Mbarara, nikakikata.

Wakili, filamu yako imekwenda bila kile kipande. Kampala hawajajibu. Usingizi ulinipata saa nane usiku.

Na wewe lala vizuri, kaka.