Kimada Aliyegoma Kumtaja Mtu

Debora, fundi cherehani wa pale Kilosa, hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa. Lijue hilo kabla hujamhukumu. Mumewe alipomwacha akahamia Ifakara na mwanamke mwingine, alinyamaza. Mjomba wake alipogawa shamba la ukoo kule kijiji cha Ulaya bila hata kumwita, alinyamaza pia. Mahali pekee alipofungua mdomo ni ukumbi wa kanisa, kila Jumamosi mchana, kwenye kikundi cha maigizo cha Mwalimu Kornelio. Huko, jamani, alikuwa mtu mwingine kabisa! Watu walimtazama wakasahau kwamba ndiye aliyewapunguzia suruali juzi tu. Ukimnyang'anya jukwaa, umembakizia cherehani na ukimya.

Mwaka huo Mwalimu alileta tamthilia mpya. Ni nchi ya miaka ijayo, serikali imefuta koo zote, kila mtu anaitwa kwa namba, kamera zimefungwa mpaka chooni, na ukitaja ukoo wako unanyongwa. Shujaa, aliyechezwa na Ditram, anautafuta ukoo wake huku polisi wakimtafuta yeye. Hapo safi. Lakini wanawake sasa! Walikuwa watatu: Mke, anayemchongea mumewe kwa serikali; Mama, ambaye keshakufa; na Kimada, anayempandisha shujaa mori wa uasi kitandani, halafu akibanwa kidogo na polisi anaonyesha alikojificha na kupigwa risasi. Hata mmoja hakupewa jina. Debora ndiye akapewa Kimada.

"Shikamoo Mwalimu. Nina neno kidogo," alisema siku ya mazoezi.

"Marahaba. Sema."

"Sisi watu wa milimani tunahesabu ukoo kwa mama. Sasa serikali inayotaka kufuta koo inamkimbiza Ditram wa nini? Watoto wake si wa ukoo wake. Itaniwinda mimi."

Ditram akaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alikuwa Mkaguru wa kuzaliwa, mwenye ukoo wa mama yake kama wenzake wote, lakini miaka thelathini alifundisha vitabu vya nchi za kutisha za namna hiyo, na humo anayeasi ni mwanaume, mwanamke ni wa kupendwa, kusaliti na kufa. Akachukua umbo lote kama lilivyo, akapasahau kwao. Kilichomuuma zaidi ni kuonyeshwa kosa hilo na fundi wa nguo aliyeishia darasa la saba.

"Ukibadilisha neno langu hata moja kwenye mashindano kule Mikumi," alisema, "hutakanyaga ukumbi huu tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Mashindano yalifanyika Mikumi, uwanja wa shule, saa nane mchana, jua likiwaka. Mshindi angekwenda Morogoro. Kina mama kutoka Malolo, nao watu wa milimani, walikuwa wamekaa chini mbele kabisa na kanga zao kichwani. Onyesho likaenda vizuri mpaka Bonifas, aliyecheza mkuu wa polisi, akamkamata Debora nywele.

"Yuko wapi?"

Ditram alikuwa amejikunyata nyuma ya jamvi lililotundikwa, hatua tatu tu. Debora alitakiwa alie, anyooshe kidole, afe. Akawatazama wale kina mama. Walikuwa wameshamchoka, maana walijua atakalofanya. Hilo lilimchoma kuliko mkono wa Bonifas.

"Yuko wapi?"

Bonifas akadhani Debora amesahau, akamnong'oneza, "Nyoosha kidole, dada." Hakukinyoosha. Pembeni Mwalimu alisimama na daftari lake, akimtikisia kichwa: thubutu! Debora alijua vizuri anakaribia kupoteza nini.

"Nimesema yuko wapi!" Sasa Bonifas alipiga kelele kwa hofu ya kweli.

"Wa nini?" Debora akasema. "Yeye mnamtafuta wa nini? Mkimuua mmeua mtu mmoja. Ukoo uko hapa." Akajipiga tumbo. "Wa kuogopwa ni mimi."

Loo! Mama mmoja wa Malolo aliruka akapiga kigelegele. "Mwambie huyo!" Uwanja mzima ukapokea. Bonifas, naye mtoto wa milimani, akaziachia nywele na kurudi nyuma bila kuelekezwa na mtu. Ikabidi Ditram ajitokeze mwenyewe nyuma ya jamvi, haya zimemjaa.

Walishika nafasi ya kwanza, lakini njiani kurudi hakuna aliyeimba. Pale stendi ya Kilosa Mwalimu alimsubiri ashuke.

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia, Mwalimu."

"Basi."

Ndiyo ikawa imekwisha. Debora alilia, tena si kidogo, akikata vitambaa huku akilia. Nafasi yake akapewa Anastazia, binti wa kwaya. Lakini majaji walikuwa wameandika wazi kwamba kikundi kimeshinda kwa sababu ya onyesho lile la tumbo, na kwenye daftari la Mwalimu maneno yale hayakuwepo. Jumatatu moja Anastazia akaja na kalamu.

"Shikamoo dada. Mwalimu anasema unitajie yale maneno, niandike."

Debora aliutoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Hasira aliyoimeza miaka yote ilimpanda.

"Mwambie aje mwenyewe."

Alikuja kesho yake. Akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba." Akafungua daftari. "Haya, sema taratibu."

"Sikutajii uandike, Mwalimu. Yale nayasema mwenyewe, jukwaani. Na yule mwanamke apewe jina."

Mzee alilifunga daftari.

"Gari la Morogoro linaondoka Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi," Mwalimu alisema. "Usichelewe. Na hilo jina uje nalo wewe."