Alikokwenda Mume Wangu Akiwa Nyumbani

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la maji huko Dadaab. Kazi ilipokwisha alirudi Garissa, akajilaza kwenye mkeka wa chumba cha mbele, akatia visikilizi vya simu masikioni, na tangu hapo sikumpata tena. Kutwa nzima alitazama tamthilia za Kituruki. Nilimwekea chai, akanywa bila kuniangalia. Mimi ni mtu wa Lamu, yeye Msomali wa hapa hapa, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyopendania. Sasa hata hicho alikisusa.

Nikambeba. Wenzake wakimtafuta kwa kibarua, nilisema anaumwa. Mama yake akija, nilisema amelala. Niliacha kufundisha madrasa nisimwache peke yake. Nilijiambia ananihitaji, na nikiwaza kwamba huenda hanihitaji, niliinuka kumwekea chai nyingine.

Kisha akaanza kwenda mtoni baada ya alasiri. Tana ina mamba, na hakuna mtaa wa huku usiojua mtu aliyechukuliwa. Nilimfuata kwa mbali, buibui langu likinasa kwenye miiba ya vichaka vya mathenge. Yeye alikaa ukingoni, visikilizi masikioni, miguu karibu kabisa na maji.

Siku moja akaingia. Maji yakamfika magotini. Nikamwita, hakusikia. Ng'ambo, kitu nilichodhani ni gogo kikazama polepole, bila sauti. Nilijitosa, nikamshika shati, nikamvuta mpaka tukaanguka kwenye matope. Alivua visikilizi, akaniuliza kwa upole, kama anayesema na mpita njia:

"Kwani kuna nini?"

"Mamba! Hukumwona?"

"Nilimwona."

Nilimvuta tena, mbali zaidi na maji.

"Na wewe ukaingia tu nyuma yangu?" akauliza.

"Ningefanya nini?"

Akanitazama, mara ya kwanza baada ya miezi. "Wallahi, unaniogopesha," alisema.

Nilimshika mkono hadi kwa mama yake, nguo zikichuruzika, nikamweleza mama yote niliyokuwa nikimficha.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Niliogopa utamchukua."

"Nitamchukua," alisema, akaenda kuvaa viatu.

Alimpeleka hospitali, halafu kwa mjomba wake kule Ijara, akachunge ng'ombe. Talaka ililetwa na wazee wawili wa ukoo wake, kwa heshima, wakanywa chai yangu wakaondoka.

Nimerudi madrasa. Simu ikilia katikati ya somo, naidaka kabla wanafunzi hawajanyamaza. Nangoja kuambiwa ameonekana karibu na maji. Juzi, nikiwa darasani, mama yake alipiga kunisalimu. Alisema mwanawe amenenepa, anacheka na wenzake malishoni, simu hata haichaji.

"Alhamdulillahi," nilimjibu, nikimaanisha.

Kisha nikakaa chini mbele ya wanafunzi, nimeingiwa na hofu nyingine: kwamba alipona kwa sababu mimi sikuwepo. Wakaniuliza kama waendelee kusoma. Nikawaambia waendelee.