Vitita Mia Tatu Sitini, na Vinne vya Nyumbani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mikono yake tayari imezama kwenye beseni la maji ya barafu. Anatoa maharage mabichi, yale membamba yanayoliwa pamoja na maganda yake, anayakung'uta mara moja, anayalaza juu ya taulo. Manane manane. Hahesabu kwa mdomo. Vidole ndivyo vinavyohesabu, na vikikuta ni saba vinarudi vyenyewe kuchukua la nane.

Ni siku moja kabla ya sikukuu. Kesho mchana, kwenye ukumbi wa hoteli hii, wataketi wageni mia moja na ishirini, na kila mmoja atawekewa vitita vitatu kando ya nyama yake. Kitita kimoja ni maharage manane yaliyozungushiwa bekoni, ile nyama ya nguruwe inayokatwa vipande virefu vyembamba. Hupakwa siagi yenye kitunguu saumu, hunyunyiziwa sukari kidogo na pilipili manga, kisha huokwa mpaka bekoni ikauke na kung'aa. Mgeni akikitia mdomoni, anauma mara mbili, kimekwisha.

"Mara mbili tu!" anasema, bila kuinua macho. "Mimi nahangaika nacho tangu alfajiri, yeye anauma mara mbili, anafuta mdomo. Lakini jaribu kukiondoa uone. Sahani nzima inakuwa kama mtu aliyetoka bila viatu."

Hapa jikoni wanamwita Mama Vitita. Yeye hucheka akilisikia, kwa kuwa ni jina la mtu mwenye pesa zake, na pesa hajawahi kuziona zikikaa. Ana miaka hamsini na minne. Ishirini na mitatu kati ya hiyo ameimalizia karibu yote kwenye meza hii ya bati iliyo kati ya sinki na friji kubwa, mahali ambapo kila anayepita lazima amguse bega.

Kazi yenyewe ina siri moja, na haifichi. Bekoni ikitoka kwenye friji haivutiki, inakatika. Ikikaa nje muda mrefu inalegea na kunata vidoleni. Kuna dakika chache katikati, na hizo ndizo zake. Anakata kipande nusu, anakizungusha mara moja na robo, kisha anakilaza kitita kwenye trei ncha ya bekoni ikiwa chini.

"Ncha ikilala chini, uzito wa maharage unaibana, na mafuta yakianza kuchemka inajigandisha yenyewe," anaeleza. "Huhitaji kijiti. Ukiona mpishi anachomeka vijiti vya meno, ujue hajiamini. Ncha ikitazama juu, basi. Moto ukipanda, bekoni inajikunja, kitita kinafunguka, maharage yanatawanyika huko kama watoto waliosikia kengele."

Na kitita kilichofunguka hakipelekwi mezani. Hiyo ni sheria ya jiko hili tangu kabla hajaajiriwa. Kinawekwa kwenye sahani iliyo kando ya sinki, na jioni wafanyakazi wanagawana cha kupeleka nyumbani.

Mimi niliyekuja kuandika habari zake gazetini nikamwuliza, pengine bila kufikiri, kama naye alikuwa akipeleka. Mikono ikasimama. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kuiona imesimama.

"Mwanangu amekulia hivyo vilivyofunguka," akasema.

Ana mtoto mmoja, binti. Mume alifariki binti akiwa na miaka minne, na mwaka uleule mama akapata kazi hii. Kazi ya jikoni ina jambo moja ambalo mwajiriwa huligundua akiwa ameshachelewa: siku watu wanapokaa na jamaa zao kula, ndiyo siku mpishi hawezi kukaa na jamaa zake. Kwa sikukuu zote za utoto wake, binti alibaki kwa jirani mpaka jioni, akimngoja mama aingie na mfuko, na ndani ya mfuko kitu kilichofungwa kwa karatasi ya foili, kimeshapoa.

Miaka ya mwanzo vilivyofunguka vilikuwa vingi, maana mama alikuwa bado anajifunza. Kisha mkono ukakomaa. Sikukuu moja trei zote zikatoka oveni bila hata kitita kimoja kuachia. Mpishi mkuu akampongeza mbele ya watu. Yeye akatazama ile sahani ya kando ya sinki, ikiwa tupu, na roho ikamwuma.

"Wenzangu wanapiga makofi, mimi nawaza naingiaje nyumbani mikono mitupu," anasema. "Mtoto amenisubiri tangu asubuhi."

Kuanzia sikukuu iliyofuata alianza kuviharibu. Kwenye trei ya mwisho, kona ya kushoto, alilaza vitita vinne ncha zikitazama juu. Vinne tu, viwili vya binti na viwili vyake. Vilifunguka kama alivyotaka, vikawekwa kando, akavibeba. Alifanya hivyo kwa miaka minane, na anaitaja idadi hiyo polepole, kama mtu anayesomewa mashtaka.

Aliyemgundua ni mpishi mkuu wa wakati ule, mzee mnene mwenye sauti ndogo. Hakumfokea. Alisimama nyuma yake, akaitazama trei, akamwambia, "Dada, mkono wako haukosei mara nne kwenye kona ileile." Kesho yake alimhamishia kwenye sufuria. Aliosha sufuria kwa miezi kumi na minne, kucha zikamtoka mbili, na hakuna mfanyakazi mwingine aliyeambiwa sababu. Mama Vitita hadi leo anamshukuru mzee huyo kwa kufunga mdomo.

Lakini kilichomvunja hakikuwa sufuria. Katika sikukuu ya mwisho kabla hajagunduliwa, binti akiwa na miaka kumi na saba, aliamua kumshangaza mama yake. Alitandika meza, akaweka sahani mbili na glasi mbili, akasubiri. Mama aliingia akiwa amechoka hoi, akafungua foili, akala amesimama kando ya dirisha kama alivyozoea kula jikoni, macho yakijifumba.

Binti akamtazama, kisha akauliza, "Mama, hivi sisi ni watu wa kula vilivyoharibika tu?"

"Nilikunja ile foili nikaitupa," anasema Mama Vitita. Amerudi kuzungusha bekoni, safari hii kwa kasi zaidi. "Ningemjibu nini? Kwamba naviharibu mwenyewe, makusudi, kwa ajili yake? Ningekuwa mwizi mbele ya mwanangu. Nikaona bora anione sijui kupika."

Miaka miwili baadaye binti alipata kazi ya ushonaji katika mji mwingine. Huu ni mwaka wa nane hajala sikukuu nyumbani. Hawajagombana, wangegombana, angalau wangekuwa na jambo la kupatania. Wanapigiana simu, wanaulizana afya, wanaulizana mvua, wanaagana.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mama Vitita ameomba asiwepo kazini siku ya sikukuu. Mpishi mkuu wa sasa ni kijana wa miaka thelathini na tano ambaye Mama Vitita mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika kisu. Hakuweza kumkatalia, ila hakuweza pia kumwachia hivihivi.

"Nilimwambia, mama, nifungie vyote mia tatu sitini, uniachie kwenye friji, kesho mimi nitaoka," anasema kijana huyo, akipita na ndoo ya viazi. "Uende zako ukapumzike. Akaniambia haendi kupumzika, anaenda kupika. Nikachoka mimi!"

Saa nane kasorobo mchana trei ya kumi na mbili inaingia kwenye friji. Mama Vitita anaifuata kwa macho, anainama kukagua kona ya kushoto. Ncha zote ziko chini. Anavua aproni, anaikunja mara nne, anawaaga wenzake mmoja mmoja kama mtu anayesafiri mbali.

Anakoishi si mbali. Ni vyumba viwili ghorofa ya pili, ngazi za saruji, mlango wa kijani uliobambuka rangi karibu na kitasa. Ndani ni pasafi kupita kiasi, ule usafi wa nyumba ambayo hakuna mtu wa kuichafua. Redio inaongea peke yake. "Siizimi," anasema. "Nikirudi nakuta mtu anaongea."

Juu ya meza ndogo pana oveni ya mitumba ambayo ilikula zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi. Chini ya meza kuna viti viwili. Kimoja kimepauka na mguu wake umefungwa waya. Kingine ni kipya kabisa, bado kimevaa nailoni ya dukani.

"Nilikuwa na hicho kimoja tu," anasema, "na hicho chenyewe naweka nguo za kupiga pasi."

Jambo gumu, anakiri, ni kupika kidogo. Mikono yake inajua mia. Sikukuu moja, hoteli ilipofungwa kwa matengenezo, alikaa nyumbani akataka kujipikia, na aliposhtuka alikuwa amefunga vitita arobaini. Aligonga milango ya majirani, wote wamesafiri. Alivila siku nne, akiwa amesimama, na siku ya tano akavimwaga huku analia. Leo amenunua bekoni vipande viwili kwa makusudi, isije mikono ikamponza.

Anakata kila kipande nusu. Anahesabu maharage, thelathini na mawili, safari hii kwa sauti. Baada ya dakika chache vitita vinne vimelala kwenye trei ndogo, ncha chini, vimenyooka.

"Mwanangu hajawahi kukiona kilichofungwa," anasema. "Fikiria. Ndiyo kazi iliyomsomesha, na hajui inafananaje. Nataka akione kizima, cha moto. Halafu nimwambie yale ya kona. Wewe andika tu. Gazeti likitoka nitakuwa nimeshamwambia."

Je, binti anakuja? Mama anajifuta mikono, ingawa haina kitu. "Amesema, 'Tutaona, mama.'" Sote tunaijua hiyo tutaona. Ni neno ambalo halifungi mlango wala halifungui.

Kwa ruhusa ya mama mwenyewe, nilimpigia binti simu nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Nyuma yake cherehani zilikuwa zikinguruma. Nilimweleza mimi ni nani. Habari za kona sikuzigusa. Hizo si zangu. Nilimwuliza tu anakumbuka nini juu ya chakula cha sikukuu nyumbani kwao.

"Vile vilivyofunguka?" akasema, na akacheka. "Nilivipenda, bwana. Bekoni imekauka pembeni inalia mdomoni, maharage yamekunywa mafuta yote. Huku nimewahi kula vya hotelini, vimefungwa vizuri, havina ladha ile."

Nikamwuliza, basi alichukia nini.

Cherehani iliyokuwa karibu naye ilinyamaza. "Sikuchukia chakula. Nilitandika meza, mama akala amesimama. Mimi nimekaa peke yangu na sahani mbili. Tangu nizaliwe sijamwona mama yangu amekaa mezani. Nikija kesho nitakaa na nani? Mwambie akae. Akiniahidi atakaa, nitapanda gari la asubuhi."

Nilirudi ndani nikamfikishia ujumbe wote, neno kwa neno, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kuusema.

Mama Vitita alikwenda kwenye trei, akaitazama. Kisha akachukua vitita viwili vya kushoto, akavigeuza kimoja kimoja, ncha zikatazama juu.

"Hivi vifunguke," akasema. "Ni vyake."

Akakivuta kile kiti kipya. Hakuitoa nailoni. Akakaa ukingoni kabisa, mgongo wima, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Akanyanyuka kupunguza sauti ya redio, akajikumbuka, akarudi kukaa. Akaona taulo imeanguka, akanyanyuka tena.

"Unaona?" akasema, akijicheka, machozi yakimlengalenga. "Hii kazi mpya ni ngumu. Nitafanya mazoezi mpaka kesho."

Kisha akampigia binti, mbele yangu, akasema maneno machache tu: "Nitakaa, mwanangu. Njoo." Alichojibiwa sikukisikia, na yeye hakunisimulia.

Mpango wake wa kesho ni mfupi. Oveni hataiwasha mapema. Ataiwasha binti mwenyewe akifika, na vitita vitahitaji dakika ishirini. Kwa dakika hizo ishirini hapatakuwa na cha kukata wala cha kuosha, na wote wawili watakaa mezani wakingoja.

Ananisindikiza mpaka mlangoni. Ninapoufunga nyuma yangu, anaufungua tena kidogo, anaingiza kidole kwenye komeo kuhakikisha halishiki.

"Kesho sitaufunga huu," anasema. "Akigonga nitanyanyuka, najijua. Asukume tu, anikute nimekaa."