Kikwembe ya kandida inaenda Kamango

Leo mama mukwe alipatia mwingine kikwembe, na moyo yangu haijatulia mpaka saa hii.

Mimi na yeye tunakaa mu parcelle moja, kiwanja moja, hapa Beni, ku commune ya Beu.
Asubuhi ni mimi namuchemushia mayi. Saa sita ya midi ni mimi namuletea bukari na mboga ya sombe.

Jana batu ya kampanye balipita, bakamupatia kikwembe mupya yenye sura ya kandida yabo.

Leo bibi ya shemeji yangu, muke ya ndugu ya bwana yangu, akafika kutoka Kamango.
Yeye anakujaka mara moja kwa mwaka.

Hata viatu mugeni hakuvua bado, mama akaingia mu chumba, akatoka na ile kikwembe, akamupatia yote. Hata kipande ya kufunga kichwa hakubakisha.

"Wasingya, mama," akashukuru. Lakini macho yake ilikuwa kwangu.

Mimi nilikuwa nasonga bukari. Nikaisonga mpaka mwiko ikapasuka.

Mama akanifuata mu jikoni.
"Uko na nini?"
"Hapana kitu, mama."

Akacheka polepole.
"Si ni wewe unasemaka kila siku kama huyu kandida ni muongo? Kama sura yake ingefaa ku kitambaa ya kupangusa chini?"

Ni kweli, nilisema. Parcelle nzima ilisikia. Na kura yangu ni ya mwingine.

"Sasa ningekupatia, ungevaa?"

Nikaokota kipande ya mwiko.

Banamuke, ninyi mungejibu nini?
Mimi, mushonaji ya kunishonea ile kikwembe nilishamuchagua tangu jana. Na modeli ya nguo pia.