Kumenya Njegere Wodini

Ukiniuliza ni nani wanaonichosha kwenye wodi yetu ya mazoezi tiba hapa Morogoro, sitakutajia wagonjwa. Wagonjwa nawaogesha, nawageuza, nawasaidia kujifunza upya kukaa na kusimama, na bado nawapenda. Wanaonichosha ni ndugu zao, hasa wale wenye mapenzi mengi. Mapenzi gani? Mbwembwe tupu!

Alikuwapo mama mmoja, mkulima wa mboga kutoka milimani huko juu ya Bigwa. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, mdomo ukaenda upande. Siku ya kwanza nilipompa shikamoo aliitikia marahaba kwa taabu, kisha akaunyanyua mkono mlegevu kwa ule mzima, akanionyesha.

"Nautaka huu," akasema. "Nirudi shambani kwangu."

Hakuwa na ombi jingine. Mtaalamu wa mazoezi naye alituambia wazi kwamba vidole vile vitaamka, ila vifanyishwe kazi kila siku.

Basi nikamletea njegere kwenye sinia. Mtu aliyelima njegere maisha yake yote utamfinyisha kimpira cha nini? Mwanzoni maganda yalimponyoka, akanuna, akayatukana kwa Kiluguru. Mimi nikacheka, naye akacheka kwa ule mdomo wa upande. Taratibu kidole gumba kikaanza kupasua. Siku alipomenya ganda zima bila msaada wangu nilipiga kigelegele, wodi ya pili wakaja kuchungulia.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika, akaingia binti yake mkubwa na wadogo zake, hotpoti mkononi, marashi yakitangulia. Akaliona sinia.

"He! Wewe nesi," akaniita, mimi ambaye hata si nesi, ni mhudumu tu wa wodi, "mama yetu tumemleta atibiwe, hatukumleta aje kuwamenyea mboga zenu!"

Nikamweleza kwamba hayo ndiyo mazoezi yake. Thubutu! Alishaamua kwamba tunamtumikisha mama yake tupate kitoweo. Akalisukuma sinia kando, akamfunga mama kitambaa shingoni, akaanza kumlisha wali, wadogo zake wakigombea zamu ya kijiko. Kwao, mzazi kujilisha mwenyewe na watoto wazima wamekaa pale ni aibu, watu watasemaje? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walimgeuza mama yao mgeni wa kudumu. Mama alikuwa ananitazama huku anatafuna, na mimi nilichemka kwa hasira.

Wiki ileile wakaomba aruhusiwe. Daktari aliwasihi wangoje, wakagoma. Mtaalamu aliwaonyesha mazoezi ya nyumbani, wakaitikia kwa vichwa kama wanaosikiliza tangazo la redio. Nikawaambia kwa mdomo wangu mwenyewe, mwacheni ajifanyie.

"Usitufundishe kumpenda mama yetu," binti akanijibu.

Haya, kampendeni.

Baadaye mimi na mtaalamu tulitumwa kwenda kumwona nyumbani kwa binti, Bigwa. Loo, alitunzwa kwelikweli! Kanga mpya, ngozi inang'aa mafuta, mito kila upande. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi, na nilipojaribu kuufungua alipiga yowe. Mtaalamu akainama, akavipapasa vidole kimoja kimoja.

"Mnaona?" binti akajigamba. "Tangu aje hapa hajagusa kitu."

Tusi lilinifika kooni, nikalimeza. Nilikuwa nimembebea mama ndizi mbivu. Nikaimenya, nikaiweka kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima ambao kiharusi hakikuugusa kabisa.

Hakuinyanyua. Alinitazama, akafungua mdomo, akasubiri.